Mtaro Ulionyooka wa Sabuni

Krrrr-tatatata!

Sauti iliingia masikioni kabla macho hayajafumbuka. Kitu cha chuma kilikuwa kikitafuna lami, kinanyamaza, halafu kinatafuna tena kwa hasira mpya.

"Nini hicho?" aliuliza mtu aliyelala, shuka bado limemfunika uso.

"Watu wa faiba," mkewe akajibu kutoka jikoni. "Wanalaza mkongo wa intaneti. Kesho mchana watafika kule kwenye nyumba zenye mageti. Watu wenye kazi hao, mume wangu. Wanaamka."

Hapo ndipo Sabuni alipofumbua macho. Mtaani walimwita hivyo kwa sababu mbili: alinukia vizuri, na hakuna aliyewahi kumshika asimponyoke. Viganja vyake vilikuwa laini kama vya mtoto wa siku saba, naye alivitunza kama wengine wanavyotunza vyeti.

"Nilitaka kukushtukiza," akasema, akiketi kitandani. "Wameniajiri. Naanza leo."

Mkewe akatokea mlangoni, mwiko mkononi. "Nani kakuajiri?"

"Watu wa faiba. Mimi ni mkaguzi wa maandalizi ya nyumba."

Mwanamke akamwelekezea mwiko. "Umekuwa wakala wa bima. Umekuwa dalali wa viwanja. Mwaka jana ulikuwa daktari wa saa za ukutani. Zote nilizipokea nikanyamaza. Hii nitakwenda kuuliza mwenyewe. Ikiwa uongo, nafunga begi narudi kwa mama, na safari hii usije na maua."

Lazima tukiri jambo moja ambalo hata Sabuni hakuwahi kulikana: alimpenda mwanamke yule. Dunia nzima ilikuwa wateja. Huyu peke yake ndiye aliyekuwa mtu. Lakini mtu akishapiga hatua ya kwanza kwenye uongo, miguu hujua njia iliyobaki. Saa tatu asubuhi alikuwa kwenye nyumba zenye mageti, amevaa fulana ya riflekta ya mtumba, kalamu sikioni, futi ya fundi kiunoni.

Alianza na mwalimu mkuu mstaafu.

"Mzee wangu, faiba ni mwanga unaopita kwenye uzi wa kioo. Sasa nikuulize: adui wa mwanga ni nini?"

"Giza!" mzee akajibu haraka. Alikuwa na miaka kumi hajaulizwa swali.

"Shaba, mzee wangu. Shaba inaunyonya mwanga kama sifongo. Nyumba yenye shaba, intaneti inaingia ikichechemea."

"Hilo hata mimi nililihisi," mwalimu akasema kwa uzito.

"Kila mtaa utakuwa na nyumba moja ya mfano. Intaneti bure mwaka mzima. Nimeiona hii yako, nikasema moyoni, basi, nimefika. Ila jirani asijue."

"Jirani yupi? Huyu wa saluni? Huyo hata salamu simpi!"

Mzee akatoa waya za simu ya zamani, mota ya pampu mbovu na birika la shaba la marehemu shangazi yake. Mwenye saluni naye, baada ya kuapa kwamba mwalimu hatajua kitu, akatoa feni mbili na mabomba ya friji. Kufika saa sita mchana, nyumba sita zilikuwa nyumba pekee ya mfano, na Sabuni alikuwa na magunia matatu aliyoyaburuta kwa shida. Mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu ungekuja kesho jioni.

Nyumba ya kona ilikuwa ya mjane mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa akifagia uwanja. Alimsikiliza Sabuni kuanzia mwanga mpaka sifongo, mdomo wazi kidogo, jinsi wateja wazuri wanavyosikiliza.

"Mwanangu," akauliza, "na shaba ikiwa chini ya ardhi?"

"Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, shangazi!"

"Basi mimi sina bahati. Marehemu alizika kebo ya simu, kutoka getini mpaka pale ukutani. Nene kama mkono wako. Ndani shaba tupu."

Sabuni akameza mate. Alipima uwanja kwa jicho: hatua thelathini. Shaba nene kama mkono, hatua thelathini!

"Itabidi ningoje wanangu waje kuichimba mwezi ujao," mjane akaendelea.

"Mwezi ujao umechelewa! Nitachimba mimi."

Maneno yalitoka kabla viganja havijapata nafasi ya kupinga.

"Wewe? Mkaguzi mzima?"

"Kampuni yetu inawajali wateja, shangazi."

Mjane akaleta sururu na chepe. Akaleta na kamba, akaifunga getini, akaivuta mpaka ukutani. "Fuata hii. Marehemu alikuwa mtu wa mistari iliyonyooka. Na alizika kina cha goti. Hayo magunia yako weka stoo. Usiwe na wasiwasi, ufunguo ninao mimi."

Sentensi hiyo Sabuni alikuwa ameitamka mara nyingi maishani. Hakuwahi kuambiwa.

Akachimba. Baada ya nusu saa aligundua misuli ambayo hakujua kwamba anaimiliki. Mjane akaweka kiti kivulini, akawa anamletea chai na maelekezo.

"Hapo umepinda, mwanangu."

"Shangazi, mbona sijaiona hata kebo yenyewe?"

"Iko mbele. Marehemu hakupenda mambo yake yaonekane mapema."

Jioni mkewe alimwona akishika kijiko kwa vidole viwili, kama anayeshika kaa la moto.

Siku ya pili, saa nane mchana, Sabuni aligonga ukuta wa nyumba kwa sururu. Mtaro ulikuwa umekwisha. Ndani yake alikuwa amepata kopo la rangi, mizizi na uma mmoja.

"Shangazi," akasema kwa sauti ndogo, "kebo iko wapi?"

Krrrr-tatatata! Getini akatokea nyapara wa wachimbaji, riflekta yake imechakaa kwa kazi. Akachungulia ndani, akapiga mluzi.

"Mama, nani kakuchimbia? Tuligawa karatasi mtaa mzima: ndani ya geti anachimba mwenye nyumba. Asiye na mtaro tunampita, mpaka mwakani. Hakuna aliyechimba ila wewe!"

"Fundi wangu ni huyu," mjane akasema, akimwonyesha Sabuni kama mtu anayeonyesha kabati jipya.

Sabuni akageuka kutazama stoo. Mlango ulikuwa wazi. Mwalimu mkuu alikuwa amekumbatia birika lake, mwenye saluni ana feni kila kwapa, na nyuma yao wale wengine wanne.

"Nimewaita asubuhi," mjane akaeleza kwa upole. "Mwanangu, nimeunga waya kwenye kampuni ya simu miaka thelathini na moja. Kebo ile niliitoa mwenyewe wewe ukiwa bado unatambaa."

"Umenidanganya!" Sabuni akapiga kelele, na hasira yake ilikuwa safi, ya mtu mwadilifu aliyedhulumiwa.

"Kidogo tu. Mgongo wangu haunyanyui sururu, na mwakani ni mbali kwangu."

"Polisi!" akafoka mwalimu.

"Polisi atakuchimbia mtaro, mwalimu?" mjane akauliza. "Wanaopitwa kesho ni nyinyi."

Watu sita wakautazama ule mtaro, kisha wakamtazama Sabuni kwa macho mapya. Nyapara naye alikuwa amepiga magoti, anapima kina.

"Sawasawa kila mahali," akanong'ona. "Wachimbaji wangu wawili waliniacha jana. Bwana, unataka kazi?"

Sabuni alikuwa ameitwa mwizi, tapeli na nyoka. Hakuwahi kutukanwa namna hii.

Ndipo simu yake ikalia. Vidole vilikuwa vimevimba, vikashindwa kuibonyeza. Mjane akambonyezea, akaiweka kwenye spika.

"Nimetoka ofisini kwa watu wa faiba," sauti ya mkewe ikajaza uwanja. "Hawakujui. Begi liko mlangoni."

Sabuni akafungua mdomo. Yakaja maneno matamu kumi, akayaacha yote yapite. Akamtazama nyapara. Nyapara akatikisa kichwa kukubali.

"Jana hawakunijua," akasema. "Leo wananijua."

"Kama nani?"

"Kama..." Akaitazama sururu. "Kama mchimbaji."

"Mchimbaji," mkewe akarudia polepole. "Hukuitia chumvi hata kidogo. Kumbe ile mikono ya jana... Basi ni kweli?"

"Ni kweli. Fungua begi, mke wangu."

"Na kesho?"

Sabuni akatazama viganja vyake, akawatazama wale majirani sita, akamtazama yule shangazi aliyemzidi ujanja akiwa amekaa kivulini anakunywa chai.

"Kesho niamshe saa kumi na mbili," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Nakuahidi mbele ya watu wote hawa: nitaamka."