Faida ya Matawi Matatu

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Kimulot. Mvua tangu alfajiri. Barua imefika kutoka kwa wenye hisa wa Tulizana Hoteli na Duka. Wote tisa wametia sahihi, hata mjomba wangu. Wanataka kujua kama kampuni imepata faida au hasara mwaka huu. Mkutano ni Jumamosi. Kabla ya hapo watakagua mali katika matawi yote matatu: hapa Kimulot, Siongiroi na Chebunyo.

Swali la ajabu. Kampuni yenye matawi matatu itapataje hasara? Hasara ni ya watu wenye tawi moja.

Ila mwaka jana, ili wasiniondoe kwenye ukurugenzi, niliwaandikia kwamba tukipata hasara wachukue ng'ombe wa mke wangu. Ng'ombe wa gredi, lita kumi na nne kwa siku. Priscah sijamwambia. Nangoja siku atakayokuwa na furaha.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepitia hali ya matawi. Kimulot kuna mali. Siongiroi kuna chumvi na viberiti. Chebunyo kuna meneja.

Mpango umepatikana. Mali ya kutosha tawi moja tunayo, na wakaguzi hawawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Wakimaliza hapa, jirani yangu Johana apakie kila kitu kwenye pikapu yake atangulie Siongiroi. Wakimaliza Siongiroi, atangulie Chebunyo. Huu si uongo. Ni mali kufanya kazi kwa zamu.

Johana aliuliza atalipwa nini. Nikamwahidi hisa. Akasema hisa haiendi kwenye tangi, anataka petroli.

Jumatano, 6 Novemba

Mkaguzi ni Mama Syprose Akeyo! Nilishusha pumzi. Huyu si mhasibu. Alikuwa karani wa kupima majani chai kwenye kituo chetu, miaka kumi na miwili. Amekuja na mwenyekiti, Mzee Noah, ambaye alikaa juu ya gunia la sukari muda wote akipumzisha goti.

Vitabu vyangu Mama Syprose hakuvifungua, na nilikuwa nimevipiga rula usiku kucha. Alihesabu tu. Magunia manne ya sukari, mawili ya unga, katoni za mafuta na sabuni. Kila alichohesabu alikifunga uzi mwekundu, jinsi alivyokuwa akifunga magunia yetu ya majani yakishapimwa. Nimepanga foleni ile tangu utotoni. Nilimsifu kwa usafi wa kazi.

Walipoondoka tukapakia. Johana aliuliza kama tukate zile nyuzi. Nikakataa. Gunia lenye uzi linapendeza.

Alhamisi, 7 Novemba

Siongiroi. Rafu zimejaa hadi wateja wawili walidhani tumeuza duka. Mama Syprose aliyatazama magunia kwa muda, akahesabu, hakufunga kitu. Alisema hapa hakuna haja. Hiyo ndiyo imani. Mzee Noah alikaa juu ya sukari tena.

Kabla ya kuondoka Mama Syprose aliuliza kama kesho Chebunyo atakuta mali nyingi hivi. Nikamhakikishia kwamba atakuta hivi hivi. Akatabasamu. Mtu akitabasamu ameridhika.

Ijumaa, 8 Novemba

Pikapu ilizama kwenye matope kilomita mbili kabla ya Chebunyo. Waliotusukuma walichukua katoni ya sabuni kama shukrani. Tulimaliza kupanga rafu wakaguzi wakiwa mlangoni.

Mzee Noah alikaa. Akasogea kidogo. Akasema, "Hezekiah, hii gunia nimekalia Kimulot, nikakalia Siongiroi. Saa hii imeshika umbo yangu."

Nikamweleza kwamba sukari yote hufanana. Mama Syprose akanishikisha ule uzi mwekundu. "Baba Chepkurui," akasema kwa upole, "unajua kwa nini nilianza kufunga uzi pale kituoni? Kuna mzee alikuwa anapimisha gunia, anazunguka nyuma, anarudi nalo kwa mizani. Huyo mzee ni baba yako."

Nilijua. Nyumbani tulikuwa tukiicheka sana hadithi hiyo.

Jumamosi, 9 Novemba

Mkutano, ukumbi wa kanisa. Siongiroi hasara. Chebunyo hasara. Faida iko mahali pamoja tu: chai na mandazi ya Priscah, jikoni Kimulot. Na maziwa ya chai hiyo yote yametoka kwa ng'ombe wake. Kampuni haijawahi kumlipa senti.

Kisha wakasoma barua yangu ya mwaka jana. Priscah alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Aliliweka chini polepole. Afadhali angenitukana mbele ya watu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Mama Syprose ndiye aliyesimama. Aliwauliza wenye hisa kama wanataka kuchinja faida yao yote waigawe kwa kilo. Wakapiga kura. Ng'ombe anabaki, ni wa Priscah, na barua imechanwa. Siongiroi na Chebunyo zinafungwa. Mkurugenzi ni Priscah. Mimi nimepewa kukama na kufikisha maziwa hotelini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Mjomba aliinua mikono yote miwili.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekama. Nimepigwa teke moja. Priscah ananisemesha habari za lita tu, na ana haki.

Lakini kigoda cha kukamia kinampa mtu nafasi ya kufikiri, na leo kosa letu nimeliona wazi. Ng'ombe huyu ana chuchu nne. Sisi tulikuwa na matawi matatu. Chuchu moja mwaka mzima haikuwa na tawi!

Kuna chumba kitupu karibu na kituo cha majani. Nimeshaongea na Johana. Uzi mwekundu pia nimenunua, mita tano.