Mbea Ndani ya Pikapu Yangu

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimefungiwa kifaa. Mimi! Norbert Zastrow, mtu mzima, mlipa kodi, niliyeanza kuendesha kwenye theluji ya Wisconsin kabla hakimu yule hajaota meno. Na kosa langu ni lipi? Mwezi wa Agosti, nikitoka baa baada ya samaki wa Ijumaa, nilirudisha gari nyuma nikagonga bango la kanisa letu. Bango la mbao! Wameshalisimamisha. Hakimu akasema ulevi ni ulevi, na kwa mwaka mzima pikapu yangu haitawaka mpaka niipulizie.

Fundi ni binti mwenye pete puani. Alinieleza polepole, kama vile mimi ni mtoto. Unapuliza kwenye mrija, mashine inanusa pumzi, ikikuta pombe gari haliwaki. Kamera inakupiga picha. Hata ukiwa barabarani inaweza kukutaka upulize tena, na ukishindwa honi inalia na taa zinawakawaka mpaka uzime gari. Yote hayo yeye anakuja kuyasoma baadaye. Nikamwambia mtu mwenye tabia hiyo anaitwa mbea. Akacheka. Basi jina limepatikana.

Lakini linaloniuma si hilo. Kendra anaolewa Jumamosi ya tarehe 16. Ilibidi iwe hiyo, kwa sababu Jumamosi inayofuata uwindaji wa kulungu unafunguliwa na hakuna mwanamume atakayeonekana kanisani. Ni binti yangu wa pekee. Pikapu hii ndiyo iliyomtoa hospitali alipozaliwa. Ndani yake ndimo nilimomfundishia kuendesha. Nataka nimpeleke kanisani mimi mwenyewe, kwa pikapu hii, na sitaki kitu kingine duniani. Leo amenipa sharti: Mbea asiwe na neno juu yangu. Akiwa nalo, bibi harusi atapanda gari la shemeji yangu Delmar, kaka yake mke wangu Arlene, lile la kale la bluu analolifuta vumbi kwa fulana zake za ndani.

Delmar alikuwepo akisikiliza. Alisema yeye hana haraka, gari lipo tu. Alivyotabasamu!

Jumatano, 6 Novemba

Karata kwa rafiki yangu Elroy. Bia mbili. Labda tatu, chupa zilikuwa ndogo. Nilikuwa nimejiandaa: chini ya kiti niliweka pampu ya mguu, ile ya kujazia magodoro ya kambi. Hewa ni hewa. Pampu hainywi.

Nikaunganisha mrija, nikakanyaga. Mbea akaguna. Nikakanyaga kwa nguvu zaidi. Akaandika kwamba hiyo si pumzi ya mtu. Atajuaje? Nikakanyaga kama mwendawazimu mpaka kiatu kikanitoka, na hapo hapo kamera ikamulika.

Nikaamua kutembea, mvua ya barafu ikinipiga usoni. Delmar akapita, akapunguza mwendo, akashusha kioo, akaniambia nipande. Nikakataa. Akaenda na mimi taratibu, dirisha wazi, akinisimulia viti vyake vipya vya ngozi. Mwishowe nilipanda. Viti ni vya kawaida sana.

Ijumaa, 8 Novemba

Ijumaa hapa kwetu ni samaki wa kukaanga kule baa. Mtu hawezi kukaa nyumbani Ijumaa, majirani watadhani amekufa. Arlene amekataa kuja na mimi, anasema akiniona karibu na ile baa anasikia mlio wa bango likivunjika.

Ndipo nikamfikiria Bi Verna! Jirani yetu, mpiga kinanda wa kanisa, mjane, hajaonja bia tangu azaliwe. Akiimba, vioo vinatetemeka. Mapafu ya namna hiyo yanakaa bure nyumba ya tatu kutoka kwangu! Nikamkaribisha samaki. Akafurahi mno, akavaa kofia yake ya manyoya. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha samaki wakaja.

Nilikunywa brandi na soda, kama kila mtu. Tulipotoka nikamwambia nina mafua, kifua kimebana, anisaidie kupuliza. Akasema kumsaidia mgonjwa si dhambi. Akapuliza pumzi ndefu, safi, ya Kilutheri.

Mbea akamkataa!

Nikadhani kifaa kimeharibika. Akapuliza tena. Kamera ikammulika na kofia yake. Akakataliwa tena. Bi Verna akawa mwekundu, akaanza kujitetea mwenyewe bila kuulizwa. Kumbe tangu mchana alikuwa anaonja cheri za keki ya harusi, zile alizoziloweka kwenye mtungi wa brandi tangu Julai. Mtungi alikuwa nao kwenye mkoba, alitaka kumpelekea Arlene. Mara mbili nzima alinikumbusha kwamba cheri ni matunda.

Tulirudi na Delmar. Tena.

Jumanne, 12 Novemba

Fundi ameniita. Akafungua picha. Mimi na pampu, soksi moja nje. Bi Verna amejaza mashavu. Binti yule alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema kwa upole kwamba lazima azipeleke kwa wakubwa, na pengine mwaka wangu utarefushwa. Sasa machozi ya nini kama utanichongea?

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Kendra alikuwa ananisubiri mezani. Sikutegemea atanisema taratibu vile. Aliniambia hajali mashine, hajali hakimu. Tangu Agosti, simu ikilia usiku, anadhani ni polisi wanampigia kuhusu mimi. Nikataka kumweleza habari ya bango, kwamba lilikuwa limeoza. Nikaona uso wake, nikavuta kiti nikakaa.

Nilimwomba. Sioni aibu kuandika, nilimwomba mtoto wangu. Akakubali.

"Mara ya mwisho, Baba. Kahawa tu mpaka Jumamosi."

Jumamosi, 16 Novemba

Kahawa tu! Tangu Jumanne! Sijagusa hata kizibo. Asubuhi nikafunga tai, nikapuliza, Mbea akaniruhusu bila ubishi. Nilitabasamu kwenye kamera ili fundi aone mtu safi anavyofanana. Nikaacha injini inanguruma nje ili ndani kupate joto, nikaingia jikoni kumsubiri bibi harusi.

Wanawake hawamalizi kuvaa. Mezani ulikuwepo mtungi wa Bi Verna, cheri zilizobaki baada ya keki. Nikala moja. Tunda. Nikala nyingine chache. Na kupuliza nilikuwa nimeshapuliza, kwa hiyo haki yangu nilikuwa nimeshaipata.

Kendra alitoka amevaa gauni la bibi yake na buti za theluji. Nikamfungulia mlango, tukaondoka, Delmar na Arlene nyuma yetu. Tulipopita kiwanda cha jibini, Mbea akalia akitaka pumzi.

Nikapuliza nusu nusu. Hakukubali. Honi ikaanza! Taa zinawakawaka! Delmar akadhani ni shangwe, naye akapiga honi. Lori la maziwa likaitikia. Watu wakatoka barazani na vikombe vyao wakitupungia.

Kendra alikuwa ananitazama mimi, hakutazama watu.

"Baba, simamisha gari."

"Ni cheri tu, mwanangu. Ni matunda."

"Najua. Simamisha tu."

Alishuka, akainua gauni, akapanda la bluu. Mimi sikuzima injini, ningeizima isingewaka tena. Nikaendelea peke yangu nyuma yao, honi inalia. Delmar akampitisha mlango wa nyuma wa kanisa kimyakimya. Waliokuwa mbele hawakuona. Walichosikia ni mimi. Wakanipokea kwa vigelegele na punje za chakula cha ndege, maana mchungaji amekataza kuwarushia maharusi mchele. Yeye mwenyewe akafungua mlango wa abiria na kuinama kumpokea bibi harusi. Juu ya kiti palikuwa na maua ya Kendra tu, ameyasahau.

Nikampelekea. Aliyapokea, akanitoa punje kwenye nywele, akanishika mkono tukaingia. Nililia njia nzima mpaka madhabahuni na sijui nani aliniona.

Jumapili, 17 Novemba

Nimelala, nimetafakari, na nimeona wazi nani mwenye makosa. Mbea, wa kwanza. Mashine isiyojua tofauti ya mlevi na mla matunda! Halafu Bi Verna, kwa kuacha mtungi mezani. Halafu wanawake, kwa kuchelewa kuvaa. Hakimu ataniongezea miezi, na nitamwambia hayo yote mbele yake.

Arlene amenipa habari mchana. Kendra ana mimba, mtoto ni wa Juni. Nikauliza nani atawatoa hospitali, yeye na mtoto. Arlene akatazama dirishani. Ng'ambo ya barabara Delmar alikuwa anafuta gari lake, Jumapili, kwa fulana!

Haitatokea. Mjukuu wangu atapanda pikapu. Nina miezi ya kutosha kupanga, na safari hii nitapanga kwa akili. Nimekaa jikoni nafikiri. Mtungi uko hapa, umebaki robo, na cheri zikikaa zinaharibika.