Mama Mkwe Anasubiri Roketi

Jumanne, 9 Septemba

Samahani, shajara. Mara ya mwisho nilikuandikia nikiwa na tumbo kubwa hata nililifanya meza. Tumbo limekuwa Isaro, ana miezi miwili, na meza haipo tena. Nikishika kalamu analia. Nikiiacha analala. Ananijua.

Naandika kwa sababu niko shidani. Jumatatu narudi kazini, depo la vifurushi, zamu ya mchana. Mume wangu Karaha yuko kiwandani mchana huohuo. Kituo cha kulelea watoto kimesema tungoje hadi Krismasi. Nisipotokea Jumatatu, nafasi yangu anapewa mwingine. Msimamizi alisema hivyo huku akitabasamu, donc, basi, anamaanisha.

Na dawa ilikuwepo! Mama mkwe, Mama Nyirakamana. Alitoka Buffalo, kwa mwanawe mkubwa Rudasingwa mtaa wa Black Rock, aje hapa Louisville kuona mjukuu. Lakini barabara inapita Columbus. Na Columbus anakaa Mutesi, mke wa shemeji yangu Gatera. Mama alisema atawasalimia siku mbili. Hii ni wiki ya tatu.

Mutesi amemshika kwa maziwa. Amepata mzungu mfugaji huko Ohio, anamuuzia maziwa ya ng'ombe kweli, ya kugandisha nyumbani kama kule kwetu milimani. Mimi nina yale ya galoni, ya dukani. Nitashindana namna gani?

Na sasa roketi! Shirika la anga la serikali linataka kurusha satelaiti ya kupima mvua. Gatera alifungua televisheni yao, kubwa kama mlango, Mama akaiona roketi imesimama kule Florida, inatoa moshi mweupe ubavuni. Akauliza ina nini. Gatera akasema inangoja kupanda. Mama amechunga ng'ombe tangu utoto. Akaitazama vizuri, akasema, "Hiyo iko na uchungu." Akavuta kiti.

Jioni wakatangaza imeahirishwa. Upepo. Mama naye akatangaza kwamba hatoki pale mpaka ipande. Ng'ombe akianza uchungu, mtu haendi safari.

Upepo! Kitu chenye moto wote ule kinaogopa upepo!

Karaha anasema nimwambie tu Mama aje. Huyu mwanaume alilelewa wapi? Mkwe anamwita mama mkwe kama anaita fundi wa bomba? Nikamwambia amwite yeye. Akasema Mama atakuja tu. Akageuka upande, akalala.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata mpango. Nimesikia kwamba Mama anawaombea watu waliomo ndani ya roketi. Amefunga chakula cha mchana kwa ajili yao, maskini, wamekaa mule bila hata kunyoosha miguu. Lakini mule ndani hamna mtu! Ni satelaiti peke yake. Akijua hivyo ataachana nayo, atabeba mfuko wake, atapanda gari. Rahisi kabisa.

Nikampigia. Heshima kwanza: habari ya magoti, habari ya usingizi, habari ya Buffalo. Kisha polepole, kama mtu anayeleta zawadi, nikasema, Mama, usisumbuke, ile roketi haina mtu hata mmoja.

 Nikasikia anapiga kelele: "Gatera! Gatera, kuja hapa! Ile kitu haina dereva!"

Sasa anafunga na chakula cha asubuhi.

Mutesi akachukua simu. Sauti ya asali. Akanishukuru sana mimi, mama Chimène, kwa kuzidi kuwatia moyo katika maombi.

Ijumaa, 12 Septemba

Jana sikuandika. Isaro. Leo amelala saa nzima na mimi nimepata akili.

Binti yangu Chimène, wa darasa la kwanza, amebandika ramani ya Amerika ukutani. Nimeiangalia wakati nakunja nguo. Florida iko chini. Columbus iko juu. Louisville iko kati. Donc sisi tuko karibu na roketi kuliko wao! Huo si uongo, ni jiografia.

Uongo unaanzia pale niliposema kwamba mtu wa mtaa wetu wa Beechmont akipanda kilima cha Iroquois hapa jirani anaiona kwa macho yake. Lakini nani ameshapanda akaikosa? Chimène alinijibu kwa Kiingereza kwamba Florida ni mbali sana, mama, sana. Nikamwambia akamalize kazi ya shule.

Nikampigia Mama. Nikasema, televisheni ni televisheni, Mama. Mchungaji gani anazalisha ng'ombe kwa televisheni? Akamwambia Gatera apunguze sauti ya televisheni.  Kisha akasema, "Kweli, mama Chimène. Haifai."

Ushindi! Nikacheza na Isaro jikoni. Akatapika begani mwangu. Sikujali.

Jioni ujumbe kutoka kwa Mutesi. Wanakuja kesho. Wote! Yeye, Gatera, na watoto wanne. Anashukuru kwa mwaliko wangu wa roketi. Mwaliko! Nina godoro moja la ziada na sufuria moja ya maana.

Jumamosi, 13 Septemba

Wamefika. Mama aliposhuka garini hakunisalimia hata mimi. Alimchukua Isaro mikononi mwangu, akamnusa shingoni, akamwambia neno moja la kwetu. Isaro akanyamaza. Isaro huyuhuyu aliyelia tangu alfajiri! Nilitaka kulia mimi sasa, sijui kwa furaha au kwa wivu. Nilikaa kwenye ngazi, mikono mitupu. Sikujua niifanyie nini.

Mutesi hakukaa. Aliingia jikoni, akafungua friji, akasukuma galoni yangu nyuma, akapanga maziwa yake mbele. Kisha akauliza, watu wote wanasikia, tutaionea roketi dirisha gani. Nikamwambia awe na subira, mama Josiane, si dirisha, ni kilima. Akasema, "Ah, kilima! Basi nimekuja na viatu vibaya." Akacheka. Viatu vyake vilikuwa vizuri sana.

Tulipokuwa tunajiandaa kupanda, simu ya Gatera ikalia. Imeahirishwa hadi kesho. Kuna kitu kinavuja. Mama hakushangaa. Alisema tangu juzi inapumua vibaya.

Watoto wamemaliza wali wote, na mchuzi, na mkate wa Jumatatu.

Sasa sikia balaa. Tunaosha vyombo, Mutesi anapaza sauti, ya kufika mpaka sebuleni: kesho ikishapanda tu, tunarudi na Mama wetu, maana nyumba yetu bila Mama si nyumba! Mama yuko pale kwenye kiti. Akaendelea kumpakata Isaro.  Sahani ikaniponyoka.

Kesho! Na keshokutwa ni Jumatatu.

Bon. Nimewaza. Hakuna mama wa kwetu anayesafiri bila mfuko wake. Nguo, Biblia, dawa ya magoti, vyote vimo. Mfuko ukipotea, wao wana kazi Jumatatu, hawawezi kungoja. Wataondoka. Mama atabaki kuutafuta na mimi, taratibu, mwezi mzima. Tayari nimeuficha. Mahali sitaji, hata kwako.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika haraka, nina aibu na nina furaha, sijui nianze na ipi.

Baada ya kanisa tulipanda kilima, kabila zima. Mama na mkeka wake, Isaro mgongoni mwake. Jua linashuka. Gatera na Karaha wanaangalia simu. Mutesi ananiangalia mimi. Akauliza, "Bon, mama Chimène. Wapi?"

Nikanyoosha mkono kule kwenye miti. Hivi hivi tu. Na Mungu ni mwema: palepale mwanga ukatokea nyuma ya miti, unapanda, unanguruma! Nikaruka. Nikapiga kelele, "Mama! Ile pale! Imepanda!"

Watoto wote wakaangua kicheko. Mama alikunja macho, akatazama kwa utulivu. "Mama Chimène, ile ni ndege. Mie nilikuja Amerika na ndege. Angalia, hata miguu haijakunja."

Ndege ya mizigo. Zinapita juu ya paa letu kila siku, hata sizisikii tena. Mutesi alicheka mpaka akashika mti.

Ilibaki simu ya Gatera. Tukabanana kuizunguka, vichwa kumi juu ya kioo kidogo kama mkono. Mama katikati. Moshi ulikuwa unatoka mwembamba. Akasema, "Sasa inapumua vizuri. Imefika." Hapohapo moto! Ikasimama juu ya moto kama inafikiri, kisha ikaenda. Mama akapiga vigelegele vya milimani, mzungu mmoja aliyekuwa anatembeza mbwa akapiga makofi bila kujua kwa nini. Hata mimi nililia. Walipotangaza satelaiti imejitenga salama, Mama akasema Amina, akaomba viazi.

Tukarudi nyumbani. Mutesi akasema, haya, mfuko wa Mama. Mfuko haupo.

Nyumba ikageuzwa. Mimi ndiye niliyetafuta kuliko wote! Chini ya kochi, ndani ya bafu, mpaka ndani ya gunia la mchele nilitia mkono. Nikasema, wenye kazi kesho waende tu, msichelewe, mimi na Mama tutautafuta. Nilisema vizuri kabisa.

Mama, kwenye kiti, bila kuinua kichwa kutoka kwa Isaro: "Muache kutafuta. Iko ndani ya mashini ya kufulia. Niliikuta asubuhi nikifua vitambaa vya mtoto. Nikaitoa, nikafua, nikairudisha mahali pake. Nilifikiri ndiyo kabati yenu ya wageni."

Gatera aliangalia dari. Karaha aliangalia viatu.

"Mama Chimène," Mama akasema. "Unataka nikae?"

Nilikuwa na maneno tayari. Juu ya hewa ya Kentucky na magoti. Nikafungua mdomo, yakatoka mengine. "Ndiyo, Mama. Nimechoka sana. Kesho narudi kazini na sina mtu."

Akanitazama. Akasema alitoka Buffalo kwa ajili ya mtoto huyu, lakini hapa hakuna aliyemwita, akafikiri labda nyumba ni ndogo na hatumtaki. Mama mkwe haingii tu. Akasema, "Si ungesema?" Akampiga Isaro mgongoni taratibu, na Isaro akatoa upepo kama mtu mzima.

Mutesi akaanza kulalamika: oo, Mama, tutakukosa, nyumba itakuwa baridi. Lakini alipokuwa analalamika funguo za gari zilikuwa mkononi tayari. Nilimsindikiza nikijua atanitukana. Akanikumbatia! Akaninong'oneza, "Asante, dada, asante! Wiki tatu anaimba ibada saa kumi alfajiri. Anaongeza chumvi katika kila sufuria. Ningemwambiaje mama mkwe aende? Kwa nini unafikiri tulikuja wote kumleta?" Nikamuuliza, na yale maneno ya kurudi naye? Akasema, "Adabu! Ungetaka niseme nini mbele yake?"

Waliondoka kwa mwendo wa roketi. Maziwa wameacha.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimerudi kazini. Msimamizi alisoma jina langu, Rakeli, nikaitika kama mtoto siku ya kwanza ya shule. Nimepanga vifurushi, miguu imevimba, moyo mwepesi. Wakati wa mapumziko nikapiga simu. Isaro amekunywa, amelala, na Mama ameongeza chumvi kwenye maharage. Aongeze! Aongeze yote!

Naandika ndani ya basi. Hakuna anayelia. Sikumbuki mara ya mwisho nilipumua hivi.

Alhamisi, 18 Septemba

Saa kumi alfajiri. Kila siku. Sauti yake haijazeeka hata kidogo. Chimène amesinzia darasani, mwalimu ameandika. Jirani wa juu amegonga sakafu mara mbili, Mama akafikiri anapiga ngoma, akaongeza beti.

Karaha anasema nimwombe tu Mama aimbe polepole, Mama mwenyewe si alisema tuseme. Huyu mwanaume na kusema kwake! Mimi nina njia bora, isiyoumiza mtu. Jana nilimwambia Mama kwamba ile satelaiti inapita juu ya nyumba yetu kila siku saa moja asubuhi kamili, na kwamba maombi yakingoja saa hiyo yataipata palepale juu. Amefurahi! Alfajiri ya leo tumelala kama mawe.

Kuna jambo dogo tu. Amewapigia simu wamama wa maombi wa Beechmont yote, Jumamosi waje uwanjani kwetu kuiona ikipita. Wamekubali. Sawa. Anga ni kubwa, kitu hakitakosa kupita. Kilichobaki ni maandalizi, na vyombo viko Columbus. Kuna watu wa kule wanakuja kesho kwa harusi, nimemwandikia Mutesi awape hivi, bila kukosa:

Viti vya kukunja vya gereji, vyote.
Termosi kubwa ya chai, na kifuniko chake.
Maziwa ya yule mzungu, ya kutosha wamama ishirini.
Blanketi mbili za magoti.
Ile darubini ya watoto wake, hata kama imebaki jicho moja.
Na Mama akimpigia kuuliza, ajibu bila kucheka: ndiyo, saa moja kamili, hata Columbus tumeiona.