Gunia la Diski na Lebo ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Miaka tisa kwenye stoo ya idara ya kompyuta, leo nimepunguzwa kazi. Wamenipa mkono wa kwaheri na gunia la diski mbovu ishirini na mbili, zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu. Wenzangu wamecheka. Wacheke! Nimefungua moja kwa bisibisi. Ndani kuna sahani inayong'aa kuliko kioo cha bafuni. Vioo vya mkononi! Saa za ukutani! Nani ana haja ya ajira?

Mke wangu ameulizia diski ya kompyuta yetu iliyokufa, yenye picha zote za marehemu mama yake. Jumapili unatimia mwaka tangu tumzike. Ndugu wanakuja, anataka picha moja ikuzwe, itundikwe sebuleni. Hana nakala popote. Nimemwambia atulie, iko mahali salama. Nimeichanganya na zile nyingine gunioni. Mwizi atajuaje ipi ni ipi?

Jumanne, 4 Machi

Sumaku za diski zina nguvu za ajabu. Nimebandika nne ukutani jikoni zishike visu. Moja imeshika kidole changu. Kucha nyeusi tii! Kisu kikubwa kimedondoka karibu kabisa na mguu wa mke wangu. Amekiokota, akakirudisha kwenye droo.

Amepita shemeji, kaka yake mke wangu. Fundi simu, kichwa kimemvimba. Ati nimpe ile diski anakili picha, kazi ya nusu saa. Nimemjibu kwamba kompyuta nilizijua yeye akiwa bado anacheza gololi. Nitazitoa mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Mwenye saluni ya mtaa wa nyuma anataka vioo ishirini. Ishirini! Kutwa nzima nimefungua diski huku nasikiliza mpira redioni. Makasha yatafaa kuwekea sabuni, kwa hiyo lebo nimezibandua kwa kitambaa cha maji ya moto. Zinaharibu sura. Sahani nimezisugua kwa sabuni ya vyombo na sponji la waya. Zimetakata!

Jioni nikaenda kuoga. Navua shati, lebo imenata kwenye kiwiko. MAMA. Mwandiko wa mke wangu, kalamu ya bluu.

Nimekaa pale mpaka maji ya kuoga yakapoa. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata njia! Nimerudishia sahani moja kwenye kasha, nikakaza skrubu, nikabandika lebo ya MAMA kwa gundi. Nimempelekea shemeji, nikamwambia nimemheshimu, afanye yeye. Ikigoma, imegomea mikononi mwake. Amenishukuru mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji ameifungulia mezani, mbele ya shangazi wanne. Skrubu mbili zilikuwa zinacheza ndani. Ilinukia sabuni ya limau. Alinitazama tu, machozi yanamlenga.

Mke wangu akauliza nyingine ziko wapi. Nikaleta beseni la sahani. Akauliza ipi ni ya mama yake. Sikujua. Akazichukua moja moja, anajitazama, anaiweka chini. Zote ishirini na tatu, pamoja na ile ya mezani. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba paji la uso la mama yake bado analikumbuka, ila mdomo umeanza kumpotea. Shangazi mmoja akaanza kulia. Mimi nikatoka nje kama mtu aliyeitwa.

Amehamia kwa kaka yake. Ameagiza nisiguse sanduku la mama yake lililo chini ya kitanda. Atalifuata Jumamosi.

Jumatano, 12 Machi

Nyumba kimya. Nimetafakari sana, na kosa langu nimeliona: sijawahi kumtengenezea mke wangu kitu kizuri kwa mikono yangu mwenyewe. Lazima nimwombe radhi.

Sanduku sikulifungua kwa ubaya. Limejaa kaseti, za enzi hizo mama mkwe akiimba kwaya. Redio ya kaseti hatuna siku nyingi, nani atazisikiliza? Utepe wake mweusi, laini, mrefu ajabu! Nimeshaanza kusuka kapu. Kufikia Jumamosi litakuwa tayari, pamoja na mshikio wake.

Lebo nimezibandua kwanza. Ila safari hii sikuzitupa. Nimeziweka mahali salama.