Maombi ya Kumwingiza Prodige Uwanjani

Jumapili, 12 Oktoba

Timu ya mwanangu imefungwa tena. Vibaya! Lakini Prodige kaingia uwanjani mara nyingi mpaka nikachoka kupiga vigelegele. Timu yake, Nyangumi wa Halifax, huko Kanada, bila yeye si kitu. Mpira wao una ncha mbili kama papai. Wanaume wamevaa kofia ngumu, wanarundikana, wanakwama, ndipo wanamwita Prodige wangu. Anaingia jezi safi, anapiga teke, papai linapotea mawinguni, anatoka. Kama daktari mkubwa! Mateke hayo alijifunzia hapa hapa mtaani kwetu Point, kwenye maegesho nyuma ya fleti yetu.

Maman Gracieuse, aliyekuja kunywa chai yangu na kukagua mapazia, kauliza mbona kila mwanangu akiingia wenzake wanatoka wameinamisha vichwa. Nikamjibu ni wivu.

Jumatano, 15 Oktoba

Maombi ya akina mama kanisani. Mama Pasta anatufundisha kuomba kwa kutaja: jina, mahali, kitu chenyewe. Basi tangu Julai tunapokezana kuomba hivi: Prodige, Halifax, aingie uwanjani. Julai alikuwa anaingia kwa nadra. Sasa haketi! Leo nimetoa ushuhuda mrefu. Gracieuse kapiga miayo. Binti yake ni mfamasia huko Isipingo. Nani ameona mfamasia kwenye televisheni?

Ijumaa, 17 Oktoba

Aibu. Prodige kapiga simu nikiwa saluni, namsuka Gracieuse. Nikaweka sauti kubwa, wateja wasikie. Nikamwambia aeleze mwenyewe anavyotegemewa. Eish! Mtoto akacheka. Akasema, maman, mimi naitwa wenzangu wakishindwa kusonga mbele. Nikiingia, ujue tumekwama, naupiga mpira mbali ili wapinzani waanzie kule. Siku nikikaa benchi, ndiyo siku tunashinda.

Gracieuse kacheka mpaka msuko ukaniponyoka mkononi. Kumbe ni sisi, akasema, sisi akina mama wa Point ndio tunaozamisha timu ya watu!

Mimi sikucheka. Prodige kaongeza kwamba mkataba wake unaisha. Wakifungwa mechi ya mwisho, msimu umekwisha na wenye timu watafagia wachezaji. Nikauliza, na wewe? Akasema hajui. Mwanangu!

Jumapili, 19 Oktoba

Nina mpango. Sitaki Mama Pasta ajue tumeomba kinyume. Nimetuma tu ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: wapendwa, ombi limebadilika, sasa tuombe Prodige akae benchi. Nilidhani yamekwisha. Simu zikaanza, wote wakidhani mtoto kaadhibiwa! Mmoja kauliza kaiba nini. Mwingine kaniletea sombe ya majani ya muhogo na samaki kunifariji, akasema hata wa kwake alipotea akarudi. Mwenzao, yule anayeitwa Mama Sikujua, anataka jina la msichana, na mimba ina miezi mingapi.

Sombe nimekula.

Jumamosi, 25 Oktoba

Mechi ya mwisho. Mwita, Mtanzania wa duka la simu hapo chini, katuazima televisheni yake kubwa, na yeye mwenyewe kaja nayo. Sebule imejaa. Na maombi yamejibiwa! Kipindi chote cha kwanza Nyangumi wanasonga, wanapata pointi, Prodige kaketi benchi. Nikalia kwa furaha.

Halafu Gracieuse kanigeukia mbele ya wageni: Mama Prodige, wako ni yupi, huyu anayekunywa maji?

Nikavumilia. Akauliza tena. Mwita akasema labda ndiye anayewagawia wenzake maji. Watu wakacheka, ndani ya nyumba yangu! Nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikaomba ombi dogo sana: Bwana, mara moja tu, huyu mwanamke amwone.

Nikasikia mtangazaji akitaja: Prodige kaingia! Nikatoka mbio nikiwaonyesha wote: yule! Teke la ajabu! Kisha akaingia tena. Na tena. Nikarudi chooni haraka kufuta ombi, nikamkuta Mwita humo.

Tumefungwa kwa pointi moja.

Jumanne, 28 Oktoba

Tangu Jumamosi chakula hakipiti. Jioni Baba Prodige karudi kutoka kazini huko Mobeni, kakuta jiko limepoa, kauliza nani kafa. Nikasema bado.

Simu ikalia. Nikaipokea: mwanangu. Kocha kafukuzwa. Nusu ya wachezaji, nje. Na Prodige? Wamemwongezea miaka miwili! Anasema timu ilikwama sana hata hakuna mpiga mateke ligi nzima aliyepata kazi kama yeye, na mateke yake ndiyo yalikwenda mbali kuliko yote. Na Krismasi anakuja, magoti mazima, meno yote kinywani. Nikakaa sakafuni. Asante, Bwana, asante! Nimelia, nimecheka, nimepika fufu na samaki wa chumvi, nimekula mpaka Baba Prodige akashika sahani yake kwa mikono miwili.

Jumatano, 29 Oktoba

Ushuhuda kanisani. Nimewaambia akina mama ni maombi yetu yaliyomlinda mtoto kazini. Habari za chooni sikuzigusa. Mama Pasta kasema sasa basi, tuwaache Nyangumi wajichezee wenyewe. Nikaitikia amina kushinda wote.

Nyumbani nimepiga magoti peke yangu. Bwana, mwakani Nyangumi wachukue kombe. Ila katikati wakwame kidogo, kidogo tu, zile dakika kamera iko karibu na Gracieuse hajaenda kuongeza chai. Nimemweleza taratibu, nikarudia. Safari hii nadhani tumeelewana.