Hotuba ya Kuzindua Bahari ya Sebuleni, Kibokoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye pia ni mama yangu mzazi, Bi Mbodze, uliyekalia kiti cha mbele chenye mikono; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Sebule, mke wangu Dama, ambaye kabati lake la vyombo lilihamishiwa jikoni ili kupisha maendeleo; Bwana Hussam, mwenye nyumba, ambaye hadi leo hajatufukuza; Fundi Kyalo, mshauri wetu wa masuala ya mbao, vioo na ngazi; Bi Ummukulthum, mdau mkuu wa bhajia kutoka Makadara; majirani mliokaa na mlioegemea mlango; na paka, ambaye hakualikwa lakini amefika kabla ya wengi wenu: itifaki yote imezingatiwa, na aliyesahauliwa ajihesabu ametajwa wa kwanza. Hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo, Kenga, sema basi!)

Nasimama mbele yenu kwa furaha isiyo kifani, mimi Kenga Kiti, Afisa Msaidizi wa Itifaki na Mpangilio wa Viti, mtu ambaye kwa miaka mingi amewapangia wakubwa viti vyao na kuwaandikia hotuba zao, mpaka mwenyewe akaamini kwamba jambo likishasomewa hotuba limekwisha tendeka, ili kuzindua rasmi Mradi Shirikishi wa Bahari Ndogo ya Sebuleni, yaani tangi la kioo lenye maji ya chumvi, matumbawe yaliyo hai na samaki wa mwambani, la kwanza la aina yake katika nyumba hii na, kwa mujibu wa utafiti nilioufanya kwa kuchungulia madirisha, la kwanza katika mtaa huu. (Makofi. Bwana Hussam: "Ulikuwa ukichungulia madirisha ya nani?")

Swali zuri, litajibiwa kwa wakati wake. Chimbuko la mradi huu, mabibi na mabwana, ni Mgeni Rasmi mwenyewe. Mama huyu amekulia Takaungu. Usichana wake wote alikuwa akishuka mwambani maji yakitoka, akiokota kombe na kuchokoa pweza, na wale samaki wa rangi rangi akiwajua kama mnavyowajua majirani, kwa majina na kwa tabia. Magoti yalipomgomea tukamleta hapa ghorofani, na ngazi za nyumba hii mnazijua zilivyosimama wima: alipandishwa mara moja na hajazishuka tena. Siku moja akaniambia, "Kenga, bahari iko hapo chini, harufu yake naisikia, lakini kitatange, yule samaki wangu wa mistari, sijamwona tangu miguu iniharibikie. Nikimwona mmoja tu, roho yangu itatulia." Nami, badala ya kumjibu kama mtoto anavyomjibu mamake, nikamjibu kama serikali. Nikaunda kamati. (Vicheko. Bi Mbodze: "Nami nilidhani ataleta samaki!")

Kamati ilifanya fizibiliti stadi ya kina, ikabaini kwamba tangi la matumbawe si karai la kuoshea vyombo. Kwamba maji yake sharti yapimwe chumvi, isizidi wala kupungua. Kwamba yakipungua kwa joto huongezwa maji matamu na si ya bahari, kwa sababu maji huondoka na chumvi hubaki. Kwamba zahitajika pampu, taa maalumu, na wiki nyingi za kungoja vijidudu visivyoonekana vizaliane kwenye mawe ili viweze kula uchafu wa samaki, kabla ya samaki wa kwanza kutia pezi. Hapo kwenye kungoja ndipo nilipofurahi, waheshimiwa, maana katika sayansi yote hiyo, kungoja ndiko nilikokuwa na uzoefu nako. Tukaunda kamati ndogo ya vijidudu, na najivunia kuripoti kwamba imetimiza malengo yake kwa asilimia mia moja, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuviona na hakuna awezaye kupinga. Ama kuhusu matumbawe, hayo hayang'olewi ovyo baharini, sheria inakataza, nami ni mtu wa kutii sheria, hasa zile zinazoniruhusu kutofanya kitu. (Dama: "Na kabati langu litarudi lini?")

Mwenyekiti, suala hilo lipo kwenye foleni. Nikija kwenye awamu ya utekelezaji, tulimwagiza Fundi Kyalo atengeneze tangi huko Makadara, nami kwa mikono yangu hii nikaupima ukuta huu mnaouona, urefu wake, kimo chake, na umbali wake kutoka kwenye soketi, kwa umakini ambao haujawahi kushuhudiwa katika historia ya futikamba. Nilipima kila kitu. Nilichosahau kupima ni ngazi. (Fundi Kyalo: "Nilikuambia, mzee. Nilikuambia pima ngazi kwanza.")

Ni kweli, Fundi alitoa maoni, na maoni yake yalipokelewa. Tangi lilifika mlangoni likibebwa na mahamali, likaingizwa kwa ubavu, likaingizwa kwa kichwa, likaingizwa kwa dua, na nyumba hii, iliyojengwa na watu waliokuwa wakipandisha magodoro ghorofani na si bahari, ikakataa katakata. Bwana Hussam akaongeza kwa upole kwamba hata lingepita, boriti za sakafu hii zingetuteremsha sote chumbani kwake. (Bwana Hussam: "Na kitanda changu kiko papo hapo chini, yakhe.")

Hata hivyo, na hili nataka lisikike hadi Kibarani, mradi haukukwama; mradi ulihamishwa. Tangi lipo Makadara kwa Bi Ummukulthum, limetiwa taa ndani, na kila alasiri hujaa bhajia, viazi karai na katlesi, likiwahudumia wananchi bila ubaguzi wa dini wala kabila. Ripoti za wadau zinaonyesha kwamba hata samaki wamekwisha ingia. (Bi Ummukulthum: "Wa kukaanga, na ndimu pembeni!" Vicheko virefu. Bi Mbodze hacheki.)

Ahsante kwa takwimu hizo, Bi Ummu. Sasa niruhusuni niingie kwenye Dira ya Mradi, yenye nguzo saba, nguzo ya kwanza ikiwa ni uwezeshaji wa... (Bwana Hussam, akiwa dirishani: "Kenga, niwie radhi. Leo ni bamvua, na kule chini ya Ngome maji yametoka hasa, mawe yote yako nje na vidimbwi vimejaa samaki. Natumpeleke mama sasa, kabla bahari haijarudi.") Pendekezo limepokelewa, Bwana Hussam, ila halimo kwenye ajenda, na kwa utaratibu lilipaswa kupitia kwa sekretarieti, ambayo ni mimi, wiki mbili kabla ya... (Bi Mbodze: "Nibebeni.") Mama, Mgeni Rasmi huzungumza mwisho. (Bi Mbodze: "Nimesema nibebeni! Huyu hata akimaliza, hakuna kitu.")

(Bwana Hussam na Fundi Kyalo wanamfunga Bi Mbodze kwenye kiti kwa leso mbili. Wanakiinua. Ukumbi wote unawafuata, isipokuwa Dama na paka.)

Waheshimiwa! Waheshimiwa, hatujafunga mkutano! Bi Ummu, hata wewe? Angalieni hiyo ngazi, tangi lilikwama papo hapo... Kyalo, kwa ubavu, taratibu, mgongo wake uuelekeze ukutani... kiti hicho nilikichagua mimi mwenyewe, chenye mikono, kwa hadhi ya mgeni rasmi... polepole, jamani, huyo ni mama yangu! (Kiti kinapita.)

Kimepita. Dama, umeona? Kimepita hata ukuta hakikugusa. Miezi yote hii mama amekaa hapa akitazama ukuta na kunisikiliza, na ngazi ilikuwa na nafasi yake. Wallahi naona haya. (Dama: "Ona haya ukitembea. Vaa viatu.")

Navaa, Mwenyekiti, navaa, ila hotuba ikianzwa humalizwa, hivyo ndivyo nilivyofunzwa kazini. Samaki oyee! (Paka anainua kichwa.) Matumbawe oyee! (Paka anakilaza tena.) Nichukue basi fursa hii adhimu kuzishukuru kamati kuu na kamati ndogo, mafundi, wadau, mahamali, na wewe paka uliyevumilia hadi mwisho, kwa kufanikisha uzinduzi wa bahari ambayo haijapata kuwa na tone la maji, chembe ya chumvi wala samaki mwenye uhai, na ambayo, nikiutazama ukuta huu, haipo, haikuwepo, wala haikuhitajika kuwepo, kwani ile nyingine ilikuwa hapo chini siku zote na haikuhitaji... (Kutoka njiani, sauti ya Bi Mbodze: "Kenga! Mawe yanateleza huko. Utanishika mkono wewe, au nimwambie Hussam?")

Mimi, Mama. Nakuja.