Pua ya Mwenye Nyumba

Jumapili, 2 Machi 2025
Séverine kaanza tena. Nimerudi kanisani, hata koti sijavua, yuko mlangoni: ati jikoni kunanuka gesi. Huyu ni mpangaji wa chumba cha tatu, mwaka wa pili chuoni, na tangu ahamie hosteli yangu hapa Kawajense sina amani. Nikaenda. Nikanusa. Hakuna kitu! Kasema mzee hasikii harufu kwa sababu ya ugoro. Pua yangu! Nimenusa ugoro tangu ujana na sijawahi kulazwa.

Nikamwambia kinachonuka ni migebuka ya mwenzake Jeannine, wa chumba cha kwanza. Kaapa kwamba Jeannine hajagusa samaki tangu Krismasi. Uongo mtupu. Nimebandika tangazo: MARUFUKU KUINGIZA MIGEBUKA.

Jumatatu, 3 Machi
Leo wamekuja wote. Ujumbe mzima! Séverine mbele, kabeba beseni la povu la sabuni. Kapaka povu kwenye mpira wa gesi, likatoa mapovu. Nikamwambia hata uji unatoa mapovu. Kasema jiko ni la mwenye nyumba, mtungi wa mwenye nyumba, mpira wa mwenye nyumba, basi anayewajibika ni mwenye nyumba.

Ni vyangu ndiyo! Ndiyo maana mtungi nimeufungia stoo kwa kufuli, mpira ukapita kwenye tundu la ukuta hadi jikoni. Wale wa mwaka jana walikuwa wanachemsha maharage kwa gesi. Maharage! Chakula cha mkaa! Sasa nafungua mwenyewe, nafunga mwenyewe. Wakauliza na dirisha la jikoni, je? Niliziba kwa matofali, na ningeziba tena. Lilikuwa linatazamana na Kassiani, mwenye hosteli ya ng'ambo ya barabara, ambaye kutwa anawachekea wapangaji wangu ili wahamie kwake.

Wanataka mpira mpya. Watoto wa siku hizi, kila kitu kipya! Nimechukua tyubu kuukuu ya baiskeli, nikakata utepe, nikazungushia pale penye mapovu, nikakaza kwa meno. Fundi gani angefanya zaidi ya hapo? Hakuna aliyesema asante. Shukrani ya punda ni mateke.

Jumanne, 4 Machi
Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikwenda shambani Kabungu kupalilia mahindi. Wasije wakalalamika, nikawafungulia gesi kabisa, nikafunga stoo, ufunguo mfukoni. Simu nikazima, maana najua wangenipigia habari za harufu tu.

Narudi, nakuta watu wamejaa uani na kufuli langu liko chini. Limevunjwa! Kavunja Kassiani, kwa sururu, mbele ya watu, kisha kaufunga mtungi wangu kwa mkono wake. Ati gesi ilikuwa imejaa jikoni, ikakosa pa kutokea, ikatambaa chini ya mlango hadi chumba cha kwanza. Jeannine alikuwa amelala humo, godoro sakafuni, kwa kuwa vitanda nilivyowaahidi bado viko kwa fundi. Séverine kamkuta hazinduki. Wakamburuta nje, wakapiga kelele kutafuta ufunguo, na ufunguo uko Kabungu unapalilia mahindi. Sasa yuko hospitali. Kafumbua macho, anatapika, daktari kasema atapona.

Hapa hakuna anayesoma, basi niandike: nilishtuka. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Mtoto wa watu!

Halafu nikaliona tena lile kufuli. Kassiani akanitazama, akasema mdharau mwiba mguu huota tende. Nikamuuliza kufuli atanunua lini.

Jumatano, 5 Machi. Jumatano ya Majivu
Mtendaji wa mtaa, mama Scolastica, kaja na maneno makali. Kassiani kajileta pia, bila kuitwa. Nikaona dawa ya uzushi ni kuonyesha. Nikafungua mtungi, nikasogeza kiberiti kwenye utepe wangu wa tyubu ili wote waone kwamba hakuna kitu.

Pwaa!

Masharubu yamekwenda. Nyusi zimekwenda, paji la uso limebaki jeusi kwa masizi. Séverine kajifunga kanga mbichi mkononi, kakimbilia stoo, kafunga mtungi, moto ukafa. Huyu msichana anapenda sana kuonekana! Mtendaji kaamuru jiko lisitumike: mtungi utoke nje, mpira ubadilishwe, dirisha lifunguliwe. Atarudi kukagua. Kaongea na mimi kama vile mimi ndiye mwanafunzi.

Jioni nikaenda misa. Padre alipofika kwangu akasita na majivu yake. Mama mmoja nyuma yangu akauliza kwa sauti kama nimeshapakwa nyumbani. Watu wakacheka, na Kwaresima ndiyo kwanza inaanza!

Ijumaa, 7 Machi
Baba yake Jeannine kafika kutoka Mishamo. Anaitwa Libérat, mkulima, mwembamba. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, majibu yote tayari. Hakutukana. Hakunisalimia hata! Mtu mzima! Kaingia chumba cha kwanza, kapiga magoti, kaweka kiganja sakafuni pale mwanawe alipolala. Kisha kajitwika godoro, kavuka barabara kwenda kwa Kassiani. Wengine wote wakamfuata na mabegi yao. Séverine wa mwisho, kafagia chumba kabla ya kutoka. Kanitia hasira kuliko wote.

Nyumba kimya. Usiku sikupata usingizi, na kosa ni la Kassiani.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekata kipande cha mpira kilichoungua, nikaunga kilichobaki, nikazungushia tyubu mara mbili. Mtendaji akitaka zaidi ya hapo, anunue mwenyewe.

Mungu hamtupi mja wake. Mchana wamekuja wasichana watatu wa mwaka wa kwanza kutazama vyumba. Wawili walikunja pua mlangoni. Nikawaambia vyumba vimejaa. Wa tatu ana mafua makali, hasikii harufu yoyote, masikini. Binti mpole, ana adabu. Nimempa chumba cha kwanza.